Nefro, Rithi, Asisi

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kazi yangu, ukiiondolea madaha yote, ni kukatakata maneno. Naandika ubaoni "hawatatukumbusha", nageuka, nawaambia wanafunzi wanionyeshe ya kukanusha iko wapi, ya wakati iko wapi, na mzizi umejificha wapi. Wengine hukata vizuri. Wengine hukata kama mtu anayefua nazi kwa mara ya kwanza, na mimi hupandwa na hasira ambazo mume wangu asema si za mshahara ninaolipwa. Nimefanya kazi hiyo miaka kumi na sita huku Kisauni, na nilikuwa nikijiona bingwa, mpaka baba yangu mzazi aliponishinda kwa neno moja. Neno lenyewe halikuwa la Kiswahili. Lilikuwa la Kiyunani, la hospitalini, refu kuliko foleni ya feri, na Baba alilikata akiwa amekaa kwenye baraza ya nyumba yake Likoni, bila kalamu wala karatasi.

Baba amepita miaka sabini. Maisha yake yote ya kazi yaliishia bandarini, upande wa Kipevu, akifunga makontena melini, na alipostaafu alirudi kwenye mchicha na mabamia nyuma ya nyumba kama mtu aliyetoka kidogo tu kununua chumvi. Siku ya Jumanne, anamwagia mchicha wake maji, maumivu yakamshika ubavu wa kushoto. Mama asema aliweka ndoo chini taratibu, akaizunguka nyumba mara tatu amejishika kiuno, kisha akaketi mchangani na kikoi chake cheupe. Kwa Mama hilo la mwisho ndilo lililotisha. Baba hakai chini na kikoi cheupe. Mama alimwita mwenye tuktuk, akampakia mzee huku mzee akipinga kwamba ni mshipa tu na atafutiwe dawa ya mizizi, wakaenda hospitali.

Huko alipigwa picha ya tumbo. Daktari mmoja, binti mdogo kutoka bara, akamweleza ugonjwa wake na jina la ugonjwa, wakati Mama yuko nje kwenye foleni ya dawa. Ndiyo sababu hadithi ya chumba kile tuliipata kwa mdomo mmoja tu, mdomo wa Baba.

Nilivuka kwa feri Jumamosi asubuhi na mfuko wa machungwa na moyo umesinyaa. Nilitarajia kumkuta kitandani. Nilimkuta barazani, kanzu imepigwa pasi, kichwani ile kofia ya viua ambayo huitoa Idi kwa Idi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Njoo ukae. Nina ugonjwa."

Alivyolisema, ungedhani amesema ana shamba.

"Ugonjwa gani?"

Akakohoa kidogo kusafisha koo. "Nefuro," akasema, akanyamaza ili tulizoee. Kisha akalimaliza kwa mpigo mmoja: "Nefuro-rithi-asisi."

Nikamwomba arudie. Akarudia, kwa furaha. Mama akatoa kichwa dirishani akasema tangu Jumanne limerudiwa hilo mpaka kuku wamelijua.

"Wewe ndiwe mwalimu," Baba akaniambia. "Kata."

Nikakwama. Nilijaribu kulishika mwanzo, nikalishika mwisho, halikunipa pa kuingizia kisu.

"Hujui? Haya, nikukatie mimi. Hiyo nefuro ni ya Kizungu, siiingilii, wenyewe watajua. Lakini hayo mawili ya mwisho ni yetu. Rithi. Maana yake waijua. Asisi. Mwasisi ni nani? Ni yule wa kwanza, aliyeanzisha. Rithi asisi. Ni kurithi kwa aliyekutangulia. Yaani ugonjwa huu nimeurithi kwa baba yangu. Si mimi nisemaye, daktari ndiye yuwasema, na mashini zake."

Mtu mwingine yeyote angenikatia neno namna hiyo ningecheka mpaka nishike ukuta. Baba sikumcheka, na ili ujue kwa nini, lazima nikueleze habari ya babu.

Babu alikuwa na shamba huko Shika Adabu, minazi na mikoroshi, na watoto wanne wa kiume. Baba ni wa pili. Alipofika miaka kumi na minane alitupa jembe akaenda bandarini, na babu hakumsamehe. Alisema aliyeikimbilia meli, meli na imlishe. Tangu siku hiyo hakumwita kwa jina. Alimwita "yule wa bandarini". Na alipoona nguvu zinamwishia, babu aligawa mali yake yote kwa mkono wake mwenyewe, angali hai, kama zawadi: huyu minazi, yule mikoroshi, mwingine nyumba. Bakora yake alimpa ami yangu, mdogo wake Baba. Redio pia ilikuwa na mwenyewe. Alipofariki, shehe alikuja kugawa mirathi kwa sheria, akatafuta cha kugawa, akapata birika moja na jamvi. Baba hulisimulia jambo hilo kwa kicheko, na kila akilisimulia Mama huinuka akaenda jikoni.

Sijawahi kumsikia akimlaumu babu, hata siku moja. Alikuwa kama mtu aliyealikwa karamuni akafika sahani zimekwisha, akatabasamu ili mwenye nyumba asione haya. Miaka arubaini alitabasamu hivyo.

"Nakumbuka ni mdogo," Baba akaendelea pale barazani, "namwona mzee amejishika hapa, azunguka nyumba, azunguka, kisha auegemea mpapai na kuulaani mshipa. Ubavu huuhuu, wa kushoto." Akajigusa kwa ncha za vidole, kwa adabu. "Kaka yangu hana. Amiyo hana. Mimi ndiye aliyenipa."

"Na matibabu je?"

"Muulize!" Mama akasema kutoka ndani. "Muulize huyo mrithi!"

Matibabu, kwa kadiri Mama alivyoelezwa dirishani pa dawa, yalikuwa hivi: kuna kitu kimeziba njia ya figo, kinatakiwa kutolewa, na wiki mbili zisipite, la sivyo figo yenyewe itaharibika. Baba alikuwa amekwisha kukataa.

"Mara yangu ya kwanza kupewa kitu na baba yangu," akasema, "nami nikimbie nikakitupe? Wallahi siendi."

"Baba, figo itakufa."

"Figo ninazo mbili. Baba nilikuwa naye mmoja."

Alisema akitabasamu, na nikaona hatanii. Nikamwomba karatasi ya hospitali. Mwandiko ulikuwa kama kuku amepita kwenye wino akielekea shughuli zake. Nilisoma herufi nne za mwanzo na nne za mwisho, katikati sikuambulia kitu. Nikaipiga picha kwa simu. Siku nne za zile wiki mbili zilikuwa zimekwenda.

Jumatatu, saa ya chai, niliiweka simu kwenye meza ya chumba cha walimu, kati ya mahamri na mbaazi, nikawaeleza Baba alivyolikata, nikasema sitaki mtu ale kabla hatujalisoma neno hili. Walimu wangu wawili wa karibu ni wa Biolojia na wa Jiografia. Wa Biolojia ni bwana mpole ambaye hajawahi kuacha hamri lisubiri. Wa Jiografia ni mama kutoka bara, mwenye ulimi mkali kama wangu, ndiyo maana twapendana.

Wa Biolojia aliinama, akatafuna, akasema, "Nefro. Ni figo hiyo. Si nawafundisha watoto nefroni? Vichujio vidogo ndani ya figo? Mzizi ni huohuo. Ni Kiyunani."

Kumbe Baba alikuwa akimiliki neno la figo bila kujua, akalisukuma kando kama la Kizungu.

Wa Jiografia aliichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili. "Hii si r," akasema. "Iangalie. Imesimama wima. R huwa imeinama. Hii ni l. Ni lith. Litho. Kama lithosfia, lile ganda la dunia la miamba. Litho ni jiwe."

"Jiwe?"

"Jiwe. Babako ana jiwe kwenye figo. Na huyo daktari ni wa kwetu, r na l kwetu hubadilishana viti." Akanitazama kabla sijafungua mdomo. "Na usinicheke. Nyinyi watu wa pwani kila konsonanti lazima muipe irabu ya kuiegemea. Nefuro! Ni nani aliandika u hapo?"

Nikakubali kosa. Ikabaki asisi, na hapo zamu ikawa yangu, kwa sababu kipande hicho hakuna aliyekijua. Nilifanya ninavyowafundisha watoto: ukikwama na neno, lipange na ndugu zake, tazama kinachojirudia. Nikakumbuka mabango ya ukutani pale zahanati. Filariasisi, ambayo ni matende. Skistosomiasisi, ambayo ni kichocho. Amibiasisi, tumbo la kuendesha. Nikayapanga nyuma ya daftari la mahudhurio, moja chini ya lingine. Vichwa vyao tofauti, mkia wao mmoja. Iasisi. Kiambishi tamati kabisa, kinachomaanisha hali ya kuwa na kitu hicho mwilini. Nefro, figo. Lithi, jiwe. Iasisi, hali ya kuwa nalo. Hata mpangilio wake ulinifurahisha: sisi twasema jiwe la figo, jiwe mbele, Wayunani wametanguliza figo, jiwe likafuata, kama mtu anayekuonyesha nyumba kwanza kisha mgeni aliye ndani.

Tukalitamka sote watatu kwa sauti. Wa Biolojia alidondosha ile l. Wa Jiografia alilipita salama, taratibu, kama anavuka barabara ya Malindi. Mimi sikukosea, na nilijisikia, maana sisi tumelelewa na maneno kama thelathini na hadithi, na th haitushindi. Tulirudia mara tatu, nne, mpaka wanafunzi wakajaa dirishani kutazama walimu wameingiwa na nini.

Sikungoja Jumamosi. Kengele ya mwisho ilipolia nilitoka na chaki mfukoni, nikavuka, nikafika Likoni jua bado liko juu ya minazi. Baba alikuwa barazani na kanzu yake ya pili. Sikukaa. Nilichuchumaa nikaandika neno zima kwenye sakafu ya saruji, kwa herufi kubwa, nikalikata kwa mistari miwili.

"Tazama, Baba. Hii, nefro, ni figo."

"Ahaa. Na rithi?"

"Haimo. Si rithi, ni lithi. Daktari ametamka vibaya. Lithi ni jiwe. Alikwambia kuna jiwe?"

"Kuna mahali alitaja jiwe," Baba akasema. "Lakini nilipokwisha kusikia rithi sikumsikiliza tena."

"Basi ndilo hilo. Jiwe."

"Na asisi?"

"Hiyo ni kiambishi tamati tu. Haina mwasisi wala nini. Ni mkia wa neno."

Nilikuwa nimechangamka, nasema haraka, naonyesha kwa chaki. Laiti ningemtazama uso mapema. Alivua kofia akaiweka gotini, akaipapasa ukingo wake.

"Kwa hivyo ni jiwe."

"Ni jiwe."

"La nani?"

"La… lako mwenyewe, Baba. Limejitengeneza humo."

"Haya," akasema. "Kama ni jiwe tu, nipelekeni likatolewe. Jiwe la kazi gani."

Akainuka akaingia ndani. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, nimekipata kwa dakika tano, na nilibaki nimechuchumaa na chaki yangu kama mtu aliyefukuza mgeni wa mwenzake. Mama alitoka na tambara la maji. Akafuta sakafu, nefro kwanza, kisha jiwe, kisha mkia.

"Umemfundisha vizuri," akasema.

Mama hana haja ya kupaza sauti. Nilivuka kurudi Kisauni nimeinamisha kichwa, naona haya, na yule bingwa wa kukata maneno sikutaka hata kumsikia.

Alhamisi niliomba ruhusa shuleni tukampeleka. Baba hakuvaa kanzu. Alivaa shati la kazi la bandarini, lililochanika kwapa, na njiani hakuzungumza na dereva wa tuktuk, yeye ambaye huwauliza madereva wote kwao ni wapi. Daktari alikuwa yuleyule, binti mwembamba mwenye miwani, kalamu tatu mfukoni. Akafungua fomu.

"Mzee, kwenu kuna mtu mwingine amewahi kuwa na shida kama hii?"

Baba akatazama ukuta. Nikaona nijibu mimi, na kwa kuwa kukaa kimya si kipaji changu, nikajikuta nimemweleza yote: rithi, asisi, kofia ya Idi, shamba, birika na jamvi. Daktari alianza kwa kujiziba mdomo. Kufika kwa asisi alikuwa amevua miwani anajifuta machozi.

"Woi, mzee wangu, nisamehe. Hiyo r na hiyo l zimenisumbua tangu shule ya msingi. Mwalimu alinichapa, hazikusikia."

"Si kitu, mwanangu," Baba akasema, akijaribu kuwa mkarimu. "Ni ulimi tu."

Daktari akavaa miwani tena. "Lakini hamjanijibu. Huyo baba yako, alikuwa na maumivu?"

Baba akageuka. Akamweleza habari ya mpapai: ubavu wa kushoto, kuzunguka nyumba, jasho, na namna maumivu yalivyokuwa yakija na kuondoka ghafla. Daktari akamwuliza kama mkojo wa babu uliwahi kuwa na damu. Baba akafikiri, akasema ndiyo, kulikuwa na siku kulisemwa hivyo, na bibi alilia.

"Sasa, mimi sikumpima yeye, siwezi kuapa," daktari akasema. "Lakini haya mawe mara nyingi hufuata familia. Baba, mtoto. Mtu akinieleza ulivyonieleza, mimi huandika."

"Waandika nini?"

"Naandika hapa, palipoulizwa familia. Baba."

"Umeandika baba?"

"Nimeandika."

"Hebu."

Akaigeuza fomu. Baba akaweka kidole chini ya neno, herufi nne, akakiacha hapo muda ambao wagonjwa wawili waligonga mlango na kuambiwa wangoje. Kisha akanitazama, na tabasamu lilikuwa linarudi, si lile la karamuni, lingine.

"Mwalimu," akasema, "waona? Neno lilikuwa na l. Lakini maana ilikuwa na r."

Miaka kumi na sita ya viambishi, na sijafurahi kushindwa namna ile tangu nizaliwe.

"Hebu litamke tena lile neno," Baba akamwambia daktari.

Binti akajikaza, akalikanyaga polepole. "Nefro… li… thi…"

"La, la. Lile lako. Lile la kwanza."

Daktari akacheka, akalitamka lile lake, na Baba akafumba macho kama mtu anayeonja haluwa.

"Sasa litoeni," akasema. "Maadamu nimejua ni changu, nina hiari nalo."

Wakati anatia sahihi, daktari alianza kumpa maagizo: maji, mzee, maji mengi, kila siku, chumvi ipunguze. Kisha akaninyooshea mimi kalamu. "Na wewe mwalimu vilevile. Baba yako, babu yako. Unasimama kutwa kwenye joto hili unapiga kelele. Kunywa maji." Niliitikia kama mtu anavyoitikia daktari, nikasahau. Baba ndiye ambaye sahihi ilimgandia mkononi. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa siku ile.

Walilitoa Jumatatu iliyofuata, kwa mpira mwembamba, bila kumpasua, zikiwa zimebaki siku moja au mbili za zile wiki. Alikaa usiku mmoja, akarudi analalamika kuhusu uji wa hospitali, Alhamdulillahi. Jiwe alipewa kwenye kichupa cha plastiki. Lilikuwa kadiri ya punje ya kunde, la rangi ya udongo, na vimiba vidogo pande zote. Mama alilitazama akasema kumbe babu alikuwa mkali hata kwa ndani.

Ami alikuja kumjulia hali, na bakora ya babu mkononi, ile yenyewe. Baba alimsubiri aketi, anywe kahawa, amalize salamu za nyumba nzima. Kisha akakitoa kichupa akakiweka mbele yake.

"Nyinyi aliwapa miti," akasema. "Mimi alinipa hili."

Ami akakichukua, akakiinua kwenye mwanga, akakitikisa. Akajikuna shingo.

"Kaka," akasema, sauti chini, "mimi mwezi wa Rajabu lilinitoka moja. Lenyewe, kwenye mkojo. Niliona haya kusema."

Baba alimtazama, akaitazama bakora, akamtazama tena.

"Hata hili!" akasema.

Ami ndiye aliyeanza kucheka. Wakacheka wazee wawili mpaka kahawa ikamwagika, mpaka Mama akatoka na upawa mkononi kuuliza ni nani amekufa. Sijui kama walishawahi kucheka pamoja hivyo tangu babu agawe. Kwa Baba, urithi wake ulikuwa sasa umegawanywa sawa kwa sawa na mdogo wake, na ajabu ni kwamba hakuonekana kupungukiwa.

Ingeishia hapo ningeridhika. Lakini wiki ile ile, saa ya chai, simu ikalia.

"Abee, Baba."

"Umekunywa maji?"

"Bado, Baba, nitakunywa."

"Kunywa." Akakata.

Akapiga kesho yake. Akapiga kesho kutwa. Saa nne asubuhi, saa saba, na saa tisa unusu nikiwa bado darasani. Jumamosi nilipovuka alinipa chupa kubwa aliyoinunua mwenyewe, ameichora mistari kwa wino wa kalamu nene, kila mstari na saa yake. Shuleni wanafunzi wakaijua. Simu ikitetema mezani wanasema kwa pamoja, "Mwalimu, ni babu, kunywa maji," na mimi nakunywa mbele ya watoto arubaini kama niko kwenye dozi. Wa Jiografia ameipa chupa jina la cheo, anaiita Mheshimiwa.

Siku moja nilichoka. Nilikuwa nimekuja Likoni na kichwa kinauma, na sijaketi vizuri Baba ameshanyoosha kidole kwenye chupa, maji yako juu ya mstari wa saa sita. Nikamwambia, kwa ukali niliourithi hukohuko, kwamba mimi ni mtu mzima, kwamba sina jiwe, na kwamba huenda nisiwe nalo kamwe, na kwa nini ananikalia kooni.

Hakukasirika. Alitia mkono chini ya mto wa kiti akatoa kipande cha chaki, changu, nilichokisahau siku ile. Akainama, polepole kwa ajili ya ubavu, akaandika sakafuni kwa mwandiko wake wa madrasa. Nefro. Akapiga mstari. Lithi. Hakukosea l. Akapiga mstari. Asisi.

"Nyumba hii ni yenu," akasema. "Wewe na nduguzo, sawa kwa sawa, nimeshamwambia shehe. Mchicha, viti, kofia, kila kitu. Msije mkakuta birika na jamvi." Akaweka chaki kwenye kipande cha mwisho. "Hiki ulisema ni kiambishi gani?"

"Tamati, Baba."

"Tamati maana yake nini?"

"Mwisho."

Akapiga mstari wa tatu, mzito, baada ya herufi ya mwisho, akausugua mara mbili mpaka chaki ikavunjika.

"Basi hiki kinakoma hapa, kwangu," akasema. "Hiki sikuachii. Kunywa maji."

Nikakunywa, nikapita mstari wa saa sita, nikapita wa saa saba, na sikuiweka chini mpaka ilipokwisha.